Pamba nimelima mimi, hela imeingia kwa shemeji

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Iramba, upande wa bondeni kuelekea Wembere. Mume wangu ni fundi ujenzi, muda mwingi yuko Dodoma mjini, nyumbani anakuja Krismasi na wakati wa kulima akipata nafasi. Shamba nalima mimi. Nina eka nne za pamba, na pembeni kidogo mtama na alizeti ya kula nyumbani.

Hizo eka nne ziko kwenye shamba alilofyeka marehemu baba mkwe. Msimamizi wake sasa hivi ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, anakaa Kiomboi ana duka. Mwaka 2018 alituambia tulime tu, shamba lisiote miiba. Hatukuandikiana kitu wala hatulipi kodi, ila kila nikivuna nampelekea debe mbili za mtama na kuku.

Shida ilianza walipokuja kuandikisha wakulima. Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki na mtoto. Shemeji akashuka kutoka Kiomboi, akaandikisha eneo lote kwa jina lake na namba yake ya simu. Aliniambia wanaoandikwa ni wenye mashamba. Nikaona sawa, karatasi ni karatasi.

Mbegu zilipofika AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, alizichukua yeye akaniletea, hapo sina neno. Ekapaki za dawa, zile chupa za kupulizia eka moja moja, zilipokuja akazisainia, na kwangu haikufika hata moja. Pamba ilikuwa imenifika magotini, majani yanajikunja kwa chini, pembeni yanageuka mekundu, ukiligeuza jani chawa wanakimbia kiubavu. Nikampigia, akasema dawa zimeisha. Nikauza mbuzi wawili, nikanunua dawa dukani ya shilingi 96,000, bomba nikaazima. Baadaye jirani akaniambia kuna mtu aliuziwa ekapaki zilizokuja na boda boda ya shemeji. Sikuona kwa macho yangu, nakuandikia nilivyosikia.

Nikavuna, nikatenga fifi, ile pamba chafu, pembeni, nikapeleka kwenye mizani mara tatu. Jumla kilo 1,086. Bei tuliyouzia ilikuwa 1,150, kwa hiyo ni shilingi 1,248,900. Karani akauliza namba ya mkulima, nikataja ya shemeji kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Hela ikaingia kwenye simu yake. Akanitumia laki tatu, baada ya wiki mbili laki mbili, basi. Nilipouliza zilizobaki akanijibu, "Shemeji, hiyo nyingine ni ya shamba na ya ruzuku. Ruzuku serikali inampa mwenye shamba, haimpi mwenye jembe." Huku kwetu kukodi eka moja ni 40,000 kwa msimu, nimepiga hesabu hata akikata kodi haifiki huko.

Mume wangu hataki kusikia. Ananiambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Shangazi, jembe ninalo tayari, kapu ndilo lililochukuliwa.

Mtoto wa dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Alinionyesha kwenye simu kwamba huko Marekani wakulima wa pamba wanalipwa na serikali, na majina yao yote na hela waliyopata yamewekwa wazi, kaunti kwa kaunti, yeyote anasoma. Nikajiuliza huku kwetu kwa nini iwe siri ya mtu na simu yake.

Niende kwa mtendaji? Niende polisi? Stakabadhi za mizani ninazo zote tatu, zimo kwenye kopo juu ya jiko. Mvua za kupandia zinakaribia na sijui kama nipande tena.

Mama wa Pamba, Iramba

*

Mama wa Pamba, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikasimama pale karani alipouliza namba. Kabla sijahamia Dodoma nilikuwa karani wa chama cha msingi, nimekaa nyuma ya mizani misimu kadhaa, na swali hilo nimeliuliza watu mpaka likawa linatoka mdomoni lenyewe. Karani haulizi nani alipalilia. Foleni ni ndefu, jua kali, vumbi la pamba limemkaa kooni, anataka namba aandike kilo aite mwingine. Kina mama wengi walitaja namba za waume, za baba, za kaka, nami nikaandika. Leo nikikusoma wewe nawakumbuka wao.

Sasa hilo la ruzuku. Shemeji yako amekwambia sehemu ya ile hela ni ya ruzuku. Hapo, mwanangu, amekuzungusha. Ruzuku uliyonieleza ilikuja kwa umbo la mbegu na dawa. Haikuja kama noti. Zile 1,248,900 ni kilo zako mara bei, tena umezipigia hesabu mwenyewe na zimetimia hadi mia tisa ya mwisho. Hakuna shilingi ya ruzuku iliyojificha humo. Ruzuku yake shemeji alishaipokea, ilikuwa ndani ya chupa.

Na tena kuna jambo ambalo nadhani hujalijua. Pembejeo za pamba haziji kama za mahindi. Mbegu na viuadudu husimamiwa na Bodi ya Pamba, hushuka hadi AMCOS, na kwa misimu mingi gharama yake, yote au sehemu, imekuwa ikirudishwa kwa makato kwenye kila kilo inayouzwa. Msimu mmoja serikali huweka mkono zaidi, mwingine kidogo. Kwa hiyo nenda kamuulize karani kwa upole: msimu huu kwenye kilo kulikatwa nini? Akikwambia kulikuwa na makato ya viuadudu, basi pamba yako ndiyo iliyolipia dawa ambayo hukuiona. Umeilipia mara mbili, mara ya kwanza kwa mbuzi, ya pili kwa kilo.

Kuhusu "mwenye shamba siyo mwenye jembe". Chukua ruzuku ya mbolea, ambayo Rais Samia aliizindua Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022. Mkulima anaandikishwa, anataja eneo analolima, anapata namba, anakwenda nayo kwa wakala, na mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umepita laki na ishirini akauchukua kwa 70,000. Anayetafutwa pale ni mkulima. Kama aliyekaa dukani Kiomboi anahesabika kuwa mkulima wa pamba ya bondeni, basi na mimi hapa Dodoma naomba niandikwe.

Ila sitakudanganya kwamba kosa ni la shemeji peke yake. Mfumo wowote wa ruzuku unafuata jina lililo kwenye daftari, jasho haliandikwi popote. Enzi za vocha za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09, kulikuwa na kamati za vijiji za kuchagua wanufaika, na bado kuna vijiji vilivyosikika na vocha zilizosainiwa na watu ambao jembe walilishika mara ya mwisho shuleni. Daftari likibadilika kuwa simu, ujanja nao unahamia kwenye simu.

Mwambie huyo mtoto wa dada yako amefanya vizuri kukuonyesha ya Marekani, ila akusomee hadi mwisho. Ni kweli kuna shirika huko lilichukua takwimu za serikali likaziweka wazi kwa majina. Lakini malipo yao mengi yanafuata eka zilizosajiliwa tangu zamani, kiasi kwamba mtu anaweza kulipwa kwa eka za pamba mwaka ambao pamba hakupanda. Hela hizo zimetugusa hata sisi. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku za nchi tajiri zinaangusha bei ya pamba ya wakulima wao. Brazil ilikwenda mbali zaidi, iliishtaki Marekani, ikashinda, na kesi ikamalizwa mwaka 2014 kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300. Kwa hiyo ukiona bei yetu inapanda na kushuka kama kichaa, wamo.

Lakini kuna kanuni yao moja ningependa shemeji yako aisikie. Aliyekodisha shamba kwa fedha taslimu hapati yale malipo ya ruzuku, yanakwenda kwa anayelima. Kama wamekubaliana kugawana mavuno, ndipo wanagawana na malipo. Yaani ukishachukua kodi, umemaliza. Hilo nalo mliseme kwenye kikao, si kama sheria ya kwetu, bali kama hoja ya watu wazima.

Kikao ninachosema ni cha familia, na kabla yake kuna mume wako. Huyu ndiye ananikera kuliko shemeji. Shemeji ni mfanyabiashara, ameona mwanya akapita. Mume wako anajua umeuza mbuzi, anajua watoto wanakula nini, halafu anakutumia methali. Usimpigie simu. Mambo haya kwa simu yanakuwa makelele. Msubiri aje au mfuate, mkae, umwekee karatasi mezani yenye hesabu hii tu: mauzo 1,248,900. Kodi ya eka nne kwa bei ya kijiji 160,000, ingawa hamkuwahi kukubaliana kodi, mpe. Ulichopokea 500,000. Zinabaki 588,900. Muulize yeye kama fundi, akijenga nyumba ya mtu akakatwa kiasi hicho bila maelezo, atachukua jembe akalime?

Ile 96,000 ya dawa usiiweke kwenye hesabu hiyo. Najua inauma. Lakini ukiiweka mtaanza kubishana chupa zilikwenda wapi, jirani atatajwa, boda boda itatajwa, na kikao kitaisha kwa mtu kuapa. Hizo 588,900 hazina ubishi, zinatoka kwenye stakabadhi. Ng'ang'ania hapo.

Mume akikubali, na nadhani akiona namba atakubali hata kwa shingo upande, yeye ndiye aitishe kikao. Wewe usiende peke yako kwa shemeji, utageuzwa mke aliyekuja kugombanisha ndugu. Awepo mama mkwe kama yupo, au mzee mmoja wa ukoo ambaye shemeji anamheshimu. Msimwite mwizi. Mwulizeni kwa heshima yote ya kaka mkubwa: ya shamba ni shilingi ngapi, atamke. Akishatamka kiasi, kile kisichotamkwa ni chenu. Akiomba kulipa kwa awamu, mkubali, muandike, asaini.

Umeandika kwa kupita tu kwamba shamba alilifyeka marehemu baba mkwe. Je, liligawanywa? Kama halikugawanywa, shemeji ni msimamizi, na mume wako naye ana sehemu yake humo. Hapo hata kodi yenyewe ina maswali. Lakini nakuomba, hilo msilifungue kwenye kikao hiki. Mkichanganya urithi na hela ya pamba mtatoka bila hela na bila urithi. Lifungueni kwa siku yake, msingoje siku wapimaji wa hati za kimila wakifika kijijini, maana siku hiyo shemeji atashuka tena kutoka Kiomboi na wewe utakuwa kliniki. Hati ya kimila inaweza kuandikwa majina zaidi ya moja, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Mkishindwana, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa ajili ya kuwapatanisha. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake.

Polisi usiende. Watakuuliza namba iliyotajwa kwenye mizani ni ya nani, na nani aliitaja. Utajibu nini? Hiyo ya boda boda nayo uliisikia kwa jirani, ukiipeleka kituoni utakuwa umemshtaki baba mkubwa wa watoto wako kwa maneno ya mtu ambaye kesho atasema hakusema.

Kwa mtendaji ndiyo uende, ila si kwa kesi. Nenda wiki hii kwa ajili ya jina lako. Beba kitambulisho cha NIDA na simu yako mwenyewe, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, isiwe ya mume wala ya mtoto. Mwone na afisa ugani, mwambie unataka taarifa za zile eka nne zihuishwe, wewe ndiye unayezilima. Watakuuliza idhini ya mwenye eneo. Ndiyo maana kikao kile kitoe karatasi mbili, moja ya deni na nyingine ya matumizi ya shamba: eka ngapi, mpaka wa mti gani hadi korongo gani, misimu mingapi, kodi kiasi gani, saini za shemeji, mume wako na wewe, mashahidi wawili, na muhuri wa ofisi ya kijiji. Kisha uingie AMCOS kama mwanachama, ulipe kiingilio na hisa kwa jina lako. Mwanachama anasimama kwenye mkutano mkuu akauliza. Anayeuzia namba ya mtu anasimama nje dirishani.

Na ukishakuwa mwanachama, uliza hili ulilojiuliza mwenyewe: orodha ya waliopokea mbegu na ekapaki, jina, eka, idadi ya chupa, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za AMCOS na ofisi ya kijiji. Iulize kwa wakulima wote, jina la shemeji usilitaje kabisa. Hakuna haja. Orodha ikibandikwa watu watasoma wenyewe, na kijiji kinajua nani hana hata mti mmoja wa pamba. Viongozi wakikwepa, afisa ushirika wa wilaya yupo hapo hapo Kiomboi, na juu yake kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika, makao yake ni hapa Dodoma. Mume wako fundi anaweza kupita siku moja akitoka saiti.

Unaniuliza upande tena au uache. Watu watakwambia hamia alizeti, na Singida kwa alizeti hakuna wa kuwafundisha. Lakini shida yako haikuletwa na pamba, alizeti nayo ikiuzwa kwa namba ya mtu itakwenda huko huko. Kama jina halijabadilishwa hadi mbegu zinafika, usilime eka zote nne za shemeji. Kodi eka mbili kwa mtu baki, kwa karatasi, uandikishwe kwa hizo mbili, upande kuanzia katikati ya Novemba mvua ikishika, mistari sentimita 60 na shimo kwa shimo 30. Eka mbili zilizopigwa dawa kwa wakati zinaweza kukupa kama zile nne zilizoliwa na chawa. Hizo nyingine shemeji akitaka zisiote miiba, aje alime.

Inawezekana pia kikao kikafanyika na hela isirudi yote. Nimeyaona hayo. Ukipata laki tatu na karatasi ya shamba yenye muhuri, mimi ningechukua.

Mwisho, hilo kopo. Kama stakabadhi zako ni zile zinazotoka kwenye kimashine, maandishi yake hayapendi joto, yanafifia yenyewe hadi unabaki na karatasi nyeupe. Likitolewa leo juu ya jiko ndiyo vizuri. Zipige picha zote tatu, picha umtumie mtoto wa dada yako akutunzie, halafu namba za kilo na tarehe uzinakili kwa kalamu kwenye daftari la mtoto.